Ukiona mimu huielewi, tafuta iliyoitangulia

Kwa kuwa kazi yangu ni kutunza kurasa za watu mtandaoni, wazazi na walimu huniletea simu zao: mwanangu anaangua kicheko kwa picha hii, haina kichwa wala miguu, kuna nini hapa? Huwa nawaambia waache kuikodolea macho. Mimu ni picha ya utani inayosambaa mtandaoni, na ile ya kejeli inaucheka utani mwingine uliokwisha kuchacha, kwa hiyo usipoujua huo wa kwanza, utabaki nje hata ukiitazama mpaka kesho.

Mwaka 2006 palikuwa na mimu ya mbwa mshauri: kichwa cha mbwa katikati, rangi za upinde wa mvua nyuma yake, ushauri wa ovyo juu na chini. Muundo huo uliigwa na kila mwenye kompyuta, wakaingia wanyama wengine chungu nzima, na ulipofika hadi kwenye matangazo ya biashara, vijana walikuwa wameuchoka. Wakaanza kutengeneza mimu mbovu makusudi. Ndiyo asili ya Dolan, yaani Donald Duck, bata wa katuni za Disney, aliyechorwa kwa programu ya Paint kana kwamba mchoraji amefumba macho, tahajia imevurugika, kisa kinaishia pabaya.

Kisha zikaja picha zinazoitwa za kukaangwa, na hizi nazipenda kuliko zote. Picha ya JPEG, aina ya faili inayobana picha ili iwe nyepesi, ikihifadhiwa upya na kubanwa mara nyingi hupoteza undani. Kingo zinaota madoadoa, rangi zinachafuka. Zamani hiyo ilikuwa dalili kwamba utani umepita mikononi mwa watu wengi na umezeeka. Vijana wakaigeuza dalili kuwa pambo: wanaongeza wekundu mpaka nyuso zinawaka, wanaibana picha hadi maandishi hayasomeki. Kufikia 2018 ilivuma picha ya sura ya Markiplier, mtu maarufu wa YouTube, kwenye kichwa cha Lord Farquaad wa filamu ya katuni ya Shrek, kikabandikwa juu ya Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, akihojiwa na Bunge la Marekani, na herufi moja tu: E. Usitafute maana. Kukosa maana ndiko kunakochekwa.

Pa kuwa makini ni pale kejeli inapoficha chuki. Pepe, chura wa mchoraji Matt Furie, alizaliwa 2005 akiwa mhusika mpole wa katuni. Watu wakamvisha alama za Wanazi, wakisema wanatania. Wengine wakaja ambao hawakuwa wakitania hata kidogo, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mwaka 2016 ADL, shirika la Marekani linalopinga chuki dhidi ya Wayahudi, likamwingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki, ingawa lilikiri kwamba matumizi yake mengi hayana ubaya. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Kwa hiyo kabla ya kuposti najiuliza: asiyejua historia ya picha hii atasoma nini? Akisoma tusi, siiposti, hata kama mimi nimecheka. Kwa mzazi, muulize mtoto, “Hapa anachekwa nani?” Akieleza vizuri, mwache. Akijiumauma, kaeni mzungumze.

Wafanyabiashara ndio wagumu. Mteja akining'ang'ania anataka mimu ya kejeli, humwuliza nani atakayejibu maoni usiku wa manane watu wakiichukua kwa uzito. Wengi hurudi kwenye picha ya bidhaa na bei.