Maswali ya Wasomaji: Kufuatilia Tovuti na Kutunza Blogu

SWALI: Nina blogu na tovuti nyingi ninazozipenda. Kila siku nazifungua moja baada ya nyingine na mara nyingi sikuti jipya. Hakuna njia nyepesi?

JIBU: Ipo, na imekuwepo tangu 1999. Inaitwa RSS. Blogu nyingi zina faili linaloongezewa kila makala mpya inapotoka, ndilo mlisho. Sakinisha programu ya kusoma milisho kama Feedly au Inoreader, ipe anwani za tovuti zako, nayo itazipitia na kukuwekea mapya yote mahali pamoja. Hutoi barua pepe yako kwa mwenye tovuti, na hakuna mtambo unaokuchagulia cha kuona. Kwa sababu hiyo tunaipendekeza kuliko kungoja makala zikufikie kupitia mitandao ya kijamii.

Kwa kawaida ukibandika anwani ya ukurasa wa mwanzo, programu huutafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, umalizie mwenyewe: kwa blogu ya WordPress ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani; kwa Blogger ongeza /feeds/posts/default. Ukiijaribu anwani hiyo kwenye kivinjari ukaona ukurasa umejaa alama na mabano, hujaharibu kitu. Huo ndio mlisho; nakili anwani yake.

Jambo moja wengi hulisahau: programu hizi nazo hufa. Google Reader, iliyokuwa na watumiaji wengi sana, ilifungwa 2013. Kila baada ya miezi michache pakua orodha yako kama faili la OPML. Ukilipakia kwenye programu nyingine, tovuti zako zote zinarudi bila kuziandika upya.

SWALI: Anwani za makala zangu za WordPress zilikuwa za namba, kama /archives/123. Nimezibadilisha zionyeshe kichwa cha makala. Sasa wanaokuja kupitia viungo vya zamani wanakuta kosa la 404. Nifanye nini?

JIBU: 404 maana yake seva haina ukurasa kwenye anwani iliyoombwa. Makala zako zipo salama, ila viungo vilivyosambaa kwenye blogu za wengine na kwenye injini za utafutaji bado vinaelekea kwenye anwani za zamani.

Kama ulibadilisha jana, rudisha mpangilio wa zamani kwenye ukurasa wa viungo vya kudumu na tatizo litaisha. Kama anwani mpya zimeshaanza kusambaa, usirudi nyuma, utavunja na hizo. Weka uelekezaji wa aina ya 301, unaosema ukurasa umehama kwa kudumu. 302 ni wa muda tu. Programu-jalizi (nyongeza ya WordPress) ya Redirection inaifanya kazi hii, na huhitaji kuandika makala moja moja. WordPress huendelea kuitambua kila makala kwa namba yake, kwa hiyo kanuni moja inatosha. Washa chaguo la Regex, linaloruhusu kanuni moja kulingana na anwani nyingi, kwenye chanzo andika ^/archives/(\d+) na kwenye mwisho wa safari andika /?p=$1.

Kisha jaribu viungo vitatu au vinne vya zamani kwenye dirisha la faragha. Kivinjari hukumbuka uelekezaji wa 301, hivyo ukikosea kanuni na kuirekebisha, dirisha la kawaida linaweza kuendelea kukuonyesha kosa lililokwisha.

SWALI: Blogu yangu inafunguka polepole mno kwenye simu.

JIBU: Anza na picha. Picha iliyotoka kwenye simu mara nyingi ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti kadhaa. Kabla ya kuipakia, ipunguze hadi pikseli 1200 na uihifadhi kama JPEG yenye ubora wa asilimia 80. Kwa kawaida itabaki kilobaiti mia chache. Kuivuta pembe ndani ya kihariri hupunguza ukubwa unaoonekana tu. Faili lenyewe halipungui.

SWALI: Nikipakua faili la XML kutoka WordPress, nimehifadhi kila kitu?

JIBU: Hapana. Faili hilo lina makala, kurasa na maoni, lakini picha zimo kama anwani tu. Seva ikifutwa, picha zimepotea. Nakili pia folda ya wp-content/uploads, na uiweke nje ya seva hiyo.