Re: Premio inatetemeka kwenye 80, makanika anataka ninunue giaboksi

Wewe wa Nakuru, usitume hiyo pesa! Makanika wako na wangu lazima walisomea chini ya mwembe mmoja.

Wangu, hapa Kisumu, gari langu likitetemeka kama lako, alilizungusha ndani ya yadi, akatega sikio, akasema, "Mzee, giaboksi imeisha." Yadini! Mshukiwa wa mtetemo huu ni lokapu, ile klachi ya giaboksi ya otomatiki inayofunga injini na giaboksi zizunguke pamoja, nayo haishiki gari likitambaa. Hushika likishachangamka na mafuta yamepata moto. Sasa alisikia nini, kuku? Nikatoa elfu sabini, giaboksi ya mtumba ikaja, ikafungwa. Nikashika barabara ya Ahero nikipiga mluzi. Kabla sijafika, drrrr, mtetemo ule ule. Kumrudia, ananiambia ni lami mbaya. Kumbe giaboksi ilikuja bila konvata, lile bakuli la mafuta linalounganisha injini na giaboksi, jamaa akachukua konvata yangu ya zamani akairudisha. Na klachi ya lokapu imo ndani ya hiyo konvata! Nilikuwa nimeununulia ugonjwa nyumba mpya. Mama watoto hadi leo nikitaja kununua chochote hunikumbusha giaboksi. Chekeni tu, nimezoea.

Sikiza: kabla mtu hajagusa nati, gusa breki. Tafuta sehemu tambarare isiyo na gari nyuma yako, shika 80, mguu wa mafuta utulie. Likianza kutetemeka, gusa pedali ya breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, taa ya breki iwake, gari lisipunguze mwendo. Hapo kompyuta huachia lokapu. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini) ukipanda kidogo na mtetemo ukakatika, mshuku lokapu. Mtetemo ukiendelea vile vile, rudi kwenye plagi, koili na maunti (mipira inayoshikilia injini).

Ikiwa ni lokapu, anza na mafuta ya giaboksi. Soma dipstiki: ikisema T-IV (aina ya mafuta ya giaboksi ya Toyota), weka T-IV, si WS ambayo ni aina nyingine, wala yale ya dukani ya "gari zote". Ukifungua nati ya chini hayatoki yote, mengi hubaki kwenye konvata, kwa hivyo endesha kisha urudie. Kuna magari hutulia hapo hapo. Yakitoka meusi yananuka kuungua, konvata ndiyo ya kushughulikiwa. Skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) ikitoa P0741, namba ya hitilafu ya lokapu, wakague pia solenoidi ya lokapu (valvu yake ya umeme) na nyaya zake.



Lakini huyo makanika mpandishe garini, mwende mpaka Gilgil, uguse breki akiwa ameketi hapo kando anaona mshale. Akisema hana muda wa kupanda, ufunguo usimwachie.