Kasa wa saruji amepasuka gamba

SWALI: Tulijenga sanamu ya kasa kwenye uwanja wa shule kwa nondo na saruji. Mwaka haujaisha, gamba limepasuka na kutoa madoa ya kutu. Tumekosea wapi?
Mwalimu wa sanaa, Tanga

JIBU: Mwalimu, mshukiwa wa kwanza ni mchanga wa baharini. Chumvi hula nondo. Kutu huvimba na kuipasua saruji. Rangi itaficha tu. Bandua palipolegea, sugua chuma kwa brashi ya waya, kisha piga plasta upya: saruji ndoo 1, mchanga wa mtoni uliochekechwa ndoo 2, maji kidogo. Chuma kifunikwe angalau sentimita 2. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7. Lakini kama kasa mzima ni wa mchanga huo, kiraka hakitadumu. Heri muanze upya, na mapezi yawe manene, maana watoto watayakalia.