Baiskeli kwenye vilima vya Surrey: kushuka ndiyo ngoma

Nimekulia Tanga, mji wa baiskeli na ardhi tambarare. Nilijifunza kuendesha Phoenix ya baba kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti sikukifikia. Gia ilikuwa moja, na hiyo moja ilitutosha.

Kwa hiyo nilipohamia kusini mwa London na kuwasikia wenzangu kazini wakivizungumzia vilima vya Surrey kwa heshima, nilicheka kimoyomoyo. Leith Hill, kilichovizidi vyote katika jimbo hilo, kina mita 294 tu. Mimi nimeshapanda basi kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona na makorongo. Mita 294 ni nini?

Kicheko kiliniishia Jumamosi yangu ya kwanza, nje kidogo tu ya mji wa Dorking.

Barabara ya Lushoto ilichongwa na wahandisi, ikapewa kona za kuupunguza mwinuko. Njia ndogo za Surrey hazikuchorwa na mtu. Zilifuata kwato za mifugo na magurudumu ya mikokoteni, na mkokoteni ulikuwa unakwenda moja kwa moja. Ukitoka Dorking kwa Coldharbour Lane, unaingia kwenye mfereji hasa: mwamba wa mchanga ni laini, na kwa karne nyingi miguu, magurudumu na maji ya mvua yameikwangua njia mpaka imezama. Kingo zimesimama juu ya kichwa chako, mizizi ya miti inaning'inia, matawi yamefunga paa. Mchana wa jua kali unaweza kuhitaji taa.

Ila sikai hapa kukutisha na kupanda. Ukipanda ukaishiwa pumzi, utateremka, utasukuma, na mzee mmoja mwenye miaka sabini na kitu atakupita akikusalimu. Basi. Hakuna aliyevunjika mkono kwa kukosa pumzi. Kila mtu alinionya kuhusu kupanda. Mtu wa kunionya kuhusu kushuka nilimkosa, na wakati methali ya mchongoma nimeijua tangu shule ya msingi.

Ilikuwa Novemba, nikiteremka upande wa kusini wa Leith Hill kwenye kijia cha upana wa gari moja. Nilikuwa nimejisifu sana pale juu, kwenye ule mnara uliojengwa na Richard Hull mwaka 1765. Mwendo ukakolea. Kwenye kona nikaona majani yaliyoloa yametandazwa kama mkeka, rangi ya kahawia, yanang'aa. Nikafanya kosa la mtu wa tambarare: nikabana breki ya mbele nikiwa tayari nimelala kwenye kona. Tairi likanitoka kama sabuni bafuni. Nilipoinua kichwa, kiwiko kinawaka, mbele yangu kulikuwa na miguu minne ya farasi. Mama aliyempanda alikuwa amesimama kimya kunisubiri nijikusanye. Akaniuliza kama nimeumia, nikamwambia hapana, uongo mtupu. Farasi alinitazama kwa huruma kuliko yeye.

Tangu siku hiyo napanga safari kwa kuanzia kwenye miteremko. Kanuni yangu ni hii: panda kwenye njia nyembamba na kali, shuka kwenye barabara pana na ya pole. Unapopanda unakwenda polepole, una muda wa kuliona trekta, mbwa, farasi, au gari linalokuja katikati ya njia. Unaposhuka huna muda huo.

Ramani ya karatasi inanisaidia hapa kuliko simu. Ramani za Ordnance Survey (ya eneo hili ni Landranger namba 187) zina vimshale vidogo juu ya barabara. Kimshale kimoja maana yake mteremko wa kati ya asilimia 14 na 20. Viwili, unazidi asilimia 20. Na vyote vinaelekeza bondeni. Mimi nikiona vimshale vinaelekea ninakokwenda, nageuza mzunguko mzima.

Mzunguko ninaoupendekeza ni wa kama kilomita 40. Usiudharau: ukijumlisha vipando vyote unapata kama mita 600, na hakuna mahali pa kukaa ukapiga pedali kwa mdundo mmoja kwa nusu saa. Toka stesheni ya Dorking, panda hadi kijiji cha Coldharbour. Badala ya kuporomoka kusini kama nilivyofanya, fuata barabara inayobaki juu kuelekea Abinger Common, kisha teremka hadi Abinger Hammer. Bado ni mteremko, kwa hiyo vidole visiondoke kwenye breki. Hapo utakuta saa kubwa imejitokeza juu ya barabara, na kila saa inapotimia sanamu ya mhunzi inagonga kengele kwa nyundo. Jina la kijiji lenyewe linatokana na nyundo, kwa sababu mto mdogo wa Tillingbourne ndio uliokuwa ukiendesha mitambo ya kufulia chuma. Chini ya saa wameandika maneno yanayosema kwamba kwayo utajua uende kwa kasi gani. Nilipoyasoma mara ya kwanza kiwiko changu kilikuwa bado na bendeji. Sikuyafurahia.

Kutoka hapo hadi Shere hakuna namna, utaonja kipande cha barabara kuu ya A25 chenye magari mengi. Pita Gomshall bila kuzubaa. Shere penyewe ni kijiji cha kupigia picha, mto unapita katikati na bata hawamwogopi mtu. Kunywa chai hapo, usile keki kubwa. Nasema hivyo kwa sababu kinachofuata ni Combe Lane.

Upande huu wa kaskazini udongo unabadilika. Unaacha mwamba wa mchanga, unaingia kwenye chaki. Safu hii, wanaiita North Downs, imeinuka kwa upole ikitokea upande wa London, halafu upande wa kusini imekatika kama meza. Wewe unaipanda ukitokea huo upande uliokatika. Kipando ni kifupi, lakini keki ya Shere utaikumbuka. Juu ukishafika, shika mashariki kwa Crocknorth Road hadi Ranmore, porini, magari machache, raha tupu. Teremka Westhumble ukiwa umeshika breki, maana njia ni nyembamba, na mbele yako kipo Box Hill.

Box Hill kinasifiwa kupita kiasi. Ndiyo, mbio za barabarani za Olimpiki ya 2012 zilipita hapo, wanaume mizunguko tisa na wanawake miwili. Na ndiyo, kwenye timu ya Uingereza siku hiyo alikuwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah huko Kikuyu, kwa hiyo na sisi tuna chetu pale. Lakini Zig Zag Road ina kama kilomita mbili na nusu, na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 5 tu. Ndiyo maana naiweka mwisho, miguu ikiwa imekwisha. Juu kuna mkahawa, na mandhari ya bonde lote la kusini. Ukimaliza, rudi kwa barabara ileile uliyopandia: pana, unaona mbali, kona unazijua kwa sababu umetoka kuzipanda.

Kuhusu baiskeli, usinunue ya bei mbaya kwanza. Nunua gia. Mbele meno 34 kwa duara dogo, nyuma meno 32 au zaidi. Tairi za milimita 28, zisijazwe upepo zikawa jiwe. Madigadi usiyaone mzigo, anayekufuata atakushukuru. Breki ziangaliwe na fundi kabla ya safari, hasa kama baiskeli imekaa ndani majira yote ya baridi.

Chukua tyubu mbili. Chaki ina gumegume ndani yake, na vipande vyake vikioshwa na mvua hadi barabarani vinakata tairi kama wembe. Halafu kuna miiba. Kwa kawaida wakulima hawaruhusiwi kukata nyuzio za miti zilizo kando ya njia kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, kwa ajili ya ndege wanaotaga. Septemba ikiingia, mashine nazo zinaingia, na miiba inamwagika njiani. Pancha zangu karibu zote ni za vuli.

Ukimkuta farasi, usipige kengele kwa ghafla. Punguza mwendo, ita kwa sauti ya kawaida ukiwa mbali, msubiri mpandaji akuitikie, kisha mpite kwa nafasi. Nao wenye magari, kanuni zao za barabarani zinawashauri wakuachie angalau mita moja na nusu wanapokupita kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa. Wengi wanazifuata. Wachache hawazifuati, na kwenye njia nyembamba mimi nakaa katikati mpaka nipate mahali salama pa kuwapisha. Bahati nzuri kwa mtu wa Tanga, Dar au Mombasa ni kwamba wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo kichwa hakina cha kujifunza upya.

Treni za kuja na kurudi London zinabeba baiskeli, ila siku za kazi epuka asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, kwa sababu baiskeli isiyokunjika huenda ukazuiwa nayo. Mimi hupanda ya alasiri ya Jumamosi na kusimama karibu na mlango. Matope ya Surrey yakikaukia kwenye viti vya kitambaa, abiria hawasemi kitu, lakini wanakutazama mpaka stesheni ya Clapham Junction.