"Slim": sifa kwa Mwingereza, jina la ugonjwa kwa Mganda

Mhariri, wiki hii mmeuliza: neno la Kiingereza "slim", ambalo vijana wetu wameshalifanya lao, maana yake hasa ni nini, na limetoka wapi?

Kwa Kiingereza cha leo ni mwembamba wa kupendeza. Aliyekondeshwa na njaa au maradhi haitwi hivyo, ana maneno yake mengine. Hutumika pia kwa mambo yasiyoshikika: ukiambiwa nafasi yako ya kupata kazi ni "slim", endelea kutafuta kwingine.

Asili yake ni Kiholanzi. Waingereza walilichukua katikati ya karne ya 17, na zamani huko Uholanzi lilimaanisha kilichopinda, kibaya. Mjerumani hadi leo akisema "schlimm" anasema "kibaya". Waholanzi walitoka kwenye kupinda wakafika kwenye ujanja, na sasa kwao slim ni mwenye akili. Waingereza walishika njia nyingine: kibaya kikawa hafifu, hafifu kikawa chembamba.

Makaburu wa Afrika Kusini walibaki na ule ujanja. Jenerali Jan Smuts, ambaye majeshi yake yaliiteka Moshi kutoka kwa Wajerumani Machi 1916, alipewa jina la "Slim Jannie". Anayelisoma kwa Kiingereza atadhani wanasema umbo lake. Hapana, ni Jannie Mjanja.

Ila historia ya neno hili inayotuhusu zaidi ni ya Uganda, na sipendi inavyorukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya wavuvi na wafanya magendo vya Rakai, jirani kabisa na mpaka wetu, watu wazima wenye nguvu zao walianza kuharisha mfululizo na kukonda hadi mitulinga ikatokeza. Wananchi wakauita ugonjwa huo Slim. Mwaka 1985 madaktari waliouchunguza walipochapisha matokeo yao katika jarida la Lancet, waliutaja kwa jina hilohilo la wananchi. Ndio UKIMWI. Upande wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, wengi waliuita Juliana, jina la vitambaa vya fasheni vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda.

Kwa hiyo anayejibu swali lenu kwa kusema tu "mwembamba" ameacha nusu ya maana, na ni nusu iliyozika watu. Wanawake waliouguza ndugu zao miaka ile bado wapo Bukoba na Masaka. Mama yangu mkubwa ni mmoja wao. Binti mmoja wa chuo alimwambia kwa nia njema kabisa, "Mama, siku hizi umekuwa slim." Akaweka kikombe chini, akauliza, "Nani amekwambia naumwa?"

Wa rika lake mwambieni amependeza, inatosha.