Toa karanga kwenye huo unga kabla hujapeleka mashineni

Mkuu, simama hapohapo. Umesema mtoto anatimiza miezi 6 wiki ijayo, mama anarudi kazini, na Jumamosi unapeleka mashineni mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, vyote visagwe pamoja "ili asikose kirutubisho hata kimoja". Chini yake umeuliza kuhusu maji, maziwa ya kukamua na matone ya vitamini. Mimi huku huwa nasoma na kupita kimya kimya, ila hiyo ndoo ya unga imenishinda.

Mimi niliuziwa ukiwa tayari umesagwa. Kuna dada kwenye kundi la WhatsApp anajiita mshauri wa lishe, cheti hatujawahi kukiona, kazi yake kurusha picha za watoto wenye mashavu kama maandazi. Sijui hata kama ni watoto wa nchi hii. "Lishe ya nafaka 12." Hela aliyonichukua ningenunua trei ya mayai na chenji ya nauli ikabaki. Wife akasema tuanze na kilo moja tuone. Nikachukua ndoo nzima. Msinicheke, mshahara ulikuwa umeingia siku hiyo na mnajua mwanaume akishika hela anavyogeuka mtaalamu wa kila kitu.

Mtoto siku za mwanzo aliunywa vizuri tu. Baadaye akaanza kuharisha, akitulia anatapika, na uji akiuona anageuza uso. Mtaa mzima ukawa madaktari. Jirani wa kulia: meno hayo. Wa kushoto: kimeo, na mkata kimeo anamjua (msithubutu, mtoto anavuja damu na kidonda kinaingia wadudu). Mama mkwe hakuniambia kitu. Alinitazama tu, kisha nikamsikia jikoni akimweleza binti yake kwamba mtoto kabemendwa, yaani anaugua kwa sababu baba ana mchepuko. Mimi! Mtu anayefika nyumbani usiku akiwa ameganda na foleni ya Mbagala, huo mchepuko ningeuhudumia saa ngapi?

Na yule dada nilimwandikia. Unajua alijibu nini? "Mwili unazoea virutubisho baba, ongeza kikombe." Nikaongeza! Mpaka leo nikiikumbuka hiyo meseji natamani nimletee ndoo yake mlangoni aimalize yeye na kijiko.

Kliniki walipompima, mstari kwenye kadi uliokuwa unapanda vizuri ukawa umelala kabisa. Nesi mmoja mtu mzima hakunifokea. Aliniambia nirudi na unga wenyewe pamoja na uji kama tunavyoupika nyumbani. Akachota unga kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akanusa, akaniambia, "Baba, onja." Ulikuwa mchungu na una ile harufu ya mafuta yaliyochacha. "Karanga zimo?" Zimo. "Soya ilikaangwa?" Nikaanza kuangalia dari. Halafu akachota uji, akainamisha kijiko. Ukatiririka wote, hakikubaki hata kidogo. "Hapa unamnywesha maji," akasema.

Sasa sikiliza alivyonifafanulia, maana bure hii mimi niliilipia. Karanga na soya zina mafuta mengi. Zikishasagwa yale mafuta yanakutana na hewa, na kwa joto la Dar unga unachacha upesi. Unyevu ukiingia, ukungu unaota, na huko ndiko kwenye sumukuvu, ambayo karanga na mahindi ndiyo makazi yake. Hiyo huimalizi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Mtoto anayekula kidogo kidogo kila siku haanguki ghafla, ila ini linaumia na ukuaji nao unatiliwa shaka.

Pili, vitu hivyo haviivi pamoja. Mchele umeshaiva, soya bado mbichi, na soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini. Tatu, uji wa mchanganyiko unakuwa mzito haraka, unaongeza maji ili upite kooni, na tumbo la mtoto wa umri huo linabeba kama mililita 200 tu. Likijaa maji, limejaa. Na tukiwa wakweli, mahindi, mchele, ulezi, mtama na ngano ni kundi moja la chakula. Umemwekea mtoto wanga mara tano ukaita mlo kamili. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na walioongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, kulekule yanakotoka mahindi tunayokula huku mjini. Nafaka hazijawahi kuwa shida yetu.

Kwa hiyo NAFAKA MOJA KWENYE UNGA, VINGINE VYOTE KWENYE SUFURIA. Chagua mahindi au ulezi, chambua zilizooza na zenye ukungu, saga kidogo. Uji ukishaiva ndipo unaweka cha siku hiyo: leo karanga ulizochambua, ukakaanga na kutwanga mwenyewe muda huohuo, kesho yai lililoiva vizuri ukaliponda, keshokutwa dagaa wa unga au maziwa. Uwe mzito, ukiinamisha kijiko udondoke kwa shida. Mchana mpondee viazi na mchicha, tone mafuta, tunda pembeni. Kipya kimoja kwa wakati, ili akiharisha ujue mchawi ni nani. Sisi tulikuwa na washukiwa 12 ndani ya kikombe kimoja, ungeanza kumkamata yupi?

Titi aendelee nalo. Maji msubiri atimize hiyo miezi 6 kwanza. Matone usinunue, ukimpeleka kliniki akiwa na miezi 6 anapewa vitamini A bure, na ukiwa huko muulizie afisa lishe wa halmashauri, naye ni bure, na hakuuzii ndoo. La kukamua kuna akina mama humu watakujibu vizuri kuliko mimi.

Kama karanga umeshazichanganya, kaa chini uzichambue moja moja hata usiku kucha. Na kama umeshasaga, usije ukawaza kuwamwagia kuku, maana sumukuvu na wao inawaua.