Maswali yenu: Vazi lirudi kabla jua halijazama

Shalom mwalimu. "Jicho kwa jicho" si ukatili mtupu?

Ni kipimo cha kuzuia kisasi kisipite kosa. Katika Mwanzo 4, Lameki anajigamba kwamba ameua mtu aliyemjeruhi tu. Torati inasema jicho moja, usizidishe. Tena endelea kusoma hadi Kutoka 21:26-27: bwana akimharibu mtumwa wake jicho, au akimng'oa jino tu, mtumwa anatoka huru. Baadaye marabi wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mdomo za Kiyahudi, walifanya yote kuwa fidia: ya dhara, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu. Hiyo ya aibu hunigusa sana.

Je, Torati ilikataza kumdai maskini rehani?

Haikukataza, iliwekea mipaka. Mkopeshaji asiingie ndani. Asimame nje, mdaiwa amtolee mwenyewe. Mawe ya kusagia hayaguswi, hata lile la juu peke yake, kwa maana bila hilo nyumba haina unga. Na vazi lirudi kabla jua halijazama, kwani ndilo analojifunika usiku. Kutoka 22 inauliza: atalala na nini?

Mwaka 1960, karibu na Yavne-Yam kwenye pwani ya Israeli, kilichimbuliwa kigae cha karne ya 7 KK chenye maandishi ya wino. Mvunaji anamlilia liwali: Hoshayahu mwana wa Shobai amenichukulia vazi, na kazi yangu nilishaimaliza, nafaka nimeshaiweka ghalani. Ndugu zangu tuliovuna nao juani watanishuhudia. Nirudishiwe vazi langu. Hataji Torati popote, ila kilio ni kilekile.

Hakimu anaweza kumpendelea maskini?

Hapana. Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini na kumwogopa mkubwa. Huruma imewekwa shambani: mistari michache juu yake, mwenye shamba haruhusiwi kuvuna hadi pembeni wala kuokota masazo. Ni ya maskini na mgeni. Ruthu Mmoabi aliishi hivyo. Hakuombaomba, alikwenda kuokota kilicho haki yake.

Na watumwa wa kigeni?

Hapo sitapamba. Walawi 25 inaruhusu watumwa hao waachiwe watoto wa bwana wao kama urithi wa mali, na inaniuma. Lakini Kumbukumbu la Torati 23 inaamuru mtumwa aliyetoroka asirudishwe kwa bwana wake. Akae mahali atakapochagua. Kwa sheria ya Hammurabi wa Babeli, aliyemficha mtumwa mtoro aliuawa.